Swali Ambalo Daktari Haulizi

Kumweleza daktari kwamba mtu ana mpenzi wa jinsia yake mwenyewe ni jambo jepesi kulitamka na zito kulibeba, hasa nchini Kenya, ambako mgonjwa wa namna hii huingia chumba cha uchunguzi akiwa na hofu mbili ambazo watu huzichanganya ingawa hazifanani. Ya kwanza ni hofu ya dharau, yaani kusimangwa, kuhubiriwa, au kuhudumiwa harakaharaka ili aondoke. Ya pili, ambayo pengine ndiyo kubwa zaidi, ni hofu ya siri kuvuja, kwa kuwa yaliyokusudiwa sikio la daktari peke yake huandikwa kwenye karatasi, na karatasi hiyo huenda maabara, hupita dirisha la dawa, na hatimaye huishia masijala, mahali ambapo huenda anafanya kazi jirani au shemeji.

Hofu hizo hazikuzuka hivi hivi. Kanuni ya Adhabu, ambayo Kenya iliirithi kutoka kwa utawala wa Waingereza, inaadhibu katika kifungu cha 162 ngono iliyo kinyume cha maumbile kwa kifungo cha hadi miaka 14, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikataa kukibatilisha. Kifungu hicho kinahusu tendo, wala hakimpi daktari wajibu wa kumripoti mgonjwa wake; lakini mtu aliyeketi kwenye foleni hana wakili pembeni wa kumfafanulia tofauti hiyo. Isitoshe, kumbukumbu iliyopo ni chungu. Mwaka 2015 wanaume wawili waliokamatwa Kwale walipelekwa hospitalini ili wapimwe sehemu ya haja kubwa kwa lengo la kutafuta ushahidi, kipimo ambacho hakina msingi wowote wa kitabibu, na ilichukua hadi tarehe 22 Machi 2018 ndipo Mahakama ya Rufani iliyoketi Mombasa ikatamka kwamba upimaji huo ulikiuka haki zao. Chama cha Madaktari cha Kenya kilikuwa kimekwisha kuulaani mwaka 2017. Anayejua kwamba glavu za daktari ziliwahi kutumika kwa niaba ya polisi hawezi kulaumiwa akisita.

Hata hivyo, ukimya nao una gharama, na gharama hiyo iko mwilini. Kisonono na klamidia, magonjwa mawili ya zinaa yanayosababishwa na bakteria, huweza kukaa kooni au katika njia ya haja kubwa bila maumivu wala usaha, huku mkojo ukitoka safi kabisa maabara. Mwanaume anayefanya ngono na wanaume, akipimwa mkojo peke yake, anaweza kurudi nyumbani na majibu mazuri na ugonjwa uleule, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kijiti chenye pamba kilipaswa kupitishwa mahali pengine. Vivyo hivyo kwa vidonge vya kujikinga na virusi vya UKIMWI, vinavyojulikana kwa jina la PrEP: tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba mwanaume wa kundi hili anaweza kumeza vidonge viwili kati ya saa 2 na 24 kabla ya tendo, kisha kimoja kwa siku katika siku mbili zinazofuata, badala ya kumeza kila siku mwaka mzima; ratiba hiyo haiwafai wanawake, na daktari asiyejua anazungumza na nani hawezi kuitaja.

Kwa wanawake kosa huja kwa sura nyingine. Ipo dhana, wakati mwingine hata miongoni mwa wahudumu wa afya, kwamba mwanamke anayependana na mwanamke hahitaji kupimwa dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi. Ilhali virusi vya papiloma, ambavyo ndivyo chanzo cha takriban saratani zote za aina hiyo, huambukizwa kwa mgusano wa ngozi, na wengi wa wanawake hao waliwahi kuwa na wanaume. Mgonjwa kama huyo huambiwa, kwa nia njema kabisa, “Mama, mwambie mzee naye aje apimwe,” akaitikia kwa kichwa, na mlango ukawa umefungwa.

Sentensi hiyo moja inaonyesha kwamba mzigo wa kuanza umewekwa upande usiostahili. Daktari huuliza kuhusu sigara, pombe na mzio wa dawa bila kungoja mgonjwa ajitangaze, na hakuna sababu ya kitaalamu ya kuliacha swali la nne, ambalo likiulizwa kwa kila mtu halimshuku yeyote: je, unafanya ngono na wanaume, na wanawake, au na wote? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 kuhusu vyumba vya dharura ulionyesha kwamba karibu asilimia 78 ya wahudumu waliamini wagonjwa wangekataa kutaja mwelekeo wao wa kimapenzi, ilhali wagonjwa waliosema wangekataa walikuwa takriban asilimia 10 tu. Marekani si Kenya, na huku takwimu ya pili huenda ingekuwa juu zaidi. Lakini woga wa muulizaji ni uleule.

Mgonjwa naye halazimiki kueleza maisha yake yote. Tiba inahitaji kujua tendo na sehemu ya mwili iliyohusika, haihitaji jina la mpenzi wala historia ya moyo, na ni haki yake kuuliza kwanza nini kitaandikwa na nani atakisoma. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya na za mwelekeo wa kimapenzi katika kundi la data nyeti, yaani zile zinazohitaji ulinzi wa ziada. Kwa miaka mingi wengi waliyakwepa maswali haya kwa kwenda katika vituo maalumu vilivyogharimiwa na wafadhili, ambako hakuna aliyeshangaa. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, vingi kati ya vituo hivyo vilifunga milango, na waliokuwa wakihudumiwa humo sasa wanapanga foleni katika hospitali za umma, mbele ya wahudumu ambao wengi wao hawajawahi kufundishwa namna ya kuwauliza.