Ajali Haina Kinga, Lakini Kichwa Kinayo

Katika vituo vya bodaboda hapa Kakiika, jijini Mbarara, mara nyingi tunamwona mwendeshaji amevaa kofia ngumu ilhali abiria wake yuko kichwa wazi. Tunapomwuliza abiria, hujibu: "Afande, naenda hapo karibu tu." Wengine huongeza kwamba ajali haina kinga.

Ni kweli kwamba ajali haibishi hodi. Hata hivyo, pikipiki ikianguka, wote wawili huanguka kutoka kimo kimoja, na lami haimbagui abiria. Ndiyo maana Kanuni za Uganda za mwaka 2004 zinamtaka kila aliye juu ya pikipiki, mwendeshaji na abiria, avae kofia ya usalama.

Kofia hiyo hufanyaje kazi? Gamba la nje hutawanya nguvu ya pigo lisiishie mahali pamoja. Povu gumu la ndani hubonyea, na kwa kubonyea huko hupunguza mshtuko unaoufikia ubongo. Uchambuzi wa tafiti kutoka nchi mbalimbali, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42, na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Faida hiyo haipatikani kwa kofia iliyotundikwa kwenye usukani. Mkanda wa kidevuni usipofungwa, kofia huruka kabla kichwa hakijafika chini. Kofia ya fundi ujenzi haikutengenezwa kwa ajili ya barabara. Na iliyokwisha kupata pigo kubwa ibadilishwe, hata kama haina ufa, kwa kuwa povu lililobonyea halirudi.

Tunafahamu kwamba abiria wengi huchukia kofia iliyovaliwa na watu wengi. Dawa yake ni kitambaa safi chepesi chini ya kofia. Kina mama wanaojitanda, wakiwemo wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wanaweza kuvaa mtandio mwembamba usio na fundo wala pini, ili kofia ikae sawasawa.

Mwendeshaji, beba kofia ya pili, uifute na kuianika juani mara kwa mara. Abiria, iulize kabla hujauliza nauli. Isipokuwepo, tafuta pikipiki nyingine. Mzazi, usikubali mwanao apakiwe mshikaki kwenda shuleni.

Ukikuta majeruhi barabarani, usimvue kofia kwa nguvu, kwani shingo yake huenda imeumia. Zuia magari yasimfikie, kisha piga 999 au 112 bila malipo.

Sisi polisi hatufurahii kuandika faini. Lakini iko kazi nyingine tunayoichukia zaidi: kubisha mlango usiku na kuieleza familia kwamba ndugu yao, aliyekuwa anakwenda hapo karibu tu, hatarudi.