Sukuni Juu ya Jeni: Epijenetiki, Kompyuta na Saratani ya Tumbo

Msomaji wa miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu anaijua kazi ya sukuni: kialama kidogo kinachowekwa juu ya herufi kuonyesha kwamba haifuatwi na irabu. Herufi haifutwi, kinachobadilika ni namna inavyosomwa. Mfano huu unasaidia kuifafanua epijenetiki, istilahi aliyoibuni Conrad Waddington mwaka wa 1942. Siku hizi istilahi hiyo hurejelea mabadiliko yanayoamua jeni ipi itumike na ipi inyamazwe, ilhali mfuatano wa herufi za DNA ukibaki vile vile.

Katika saratani ya tumbo, sukuni inayochunguzwa zaidi ni methili, kikundi kidogo cha kaboni na haidrojeni kinachojibandika kwenye sitosini, mojawapo ya herufi nne za DNA. Methili zikirundikana mahali jeni inapoanza kusomwa, aghalabu jeni hiyo hunyamaza. Jeni ya CDH1, kwa mfano, hutoa protini inayozishikamanisha seli. Ikinyamaza, seli hulegea na kupenya tishu jirani. MLH1 nayo husahihisha makosa ya unakili wa DNA.

Baadhi ya alama hizi hujitokeza kabla ya saratani yenyewe, na hapo ndipo penye tumaini. Mwaka wa 2022 ugonjwa huu uliwaua watu takriban 660,000 duniani. Dalili zake za mwanzo hufanana na kiungulia cha kawaida, hivyo wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Korea Kusini huwapima watu wa miaka 40 na zaidi kila baada ya miaka miwili, hasa kwa endoskopi, yaani kamera inayopitishwa kooni. Ni nchi chache zinazoumudu mpango kama huo. Vipande vya DNA vinavyomwagwa na seli katika damu vingeweza kuonyesha ni nani anayestahili kutangulizwa.

Hata hivyo, DNA ya binadamu ina takriban maeneo milioni 28 yanayoweza kubeba methili. Kompyuta hupewa sampuli za wagonjwa na za wazima, ijifunze ni maeneo yapi yanayowatofautisha, kisha hutahiniwa kwa sampuli ngeni. Bila mtihani huo, huenda imekariri tu, kama mwanafunzi aliyemeza majibu ya mwaka jana.

Utata mkubwa unatokana na Helicobacter pylori, bakteria ambao ugunduzi wao uliwapa Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005. Bakteria hawa huchochea saratani, lakini pia huacha methili katika utando wa tumbo la mtu asiye na saratani, na wengi walioambukizwa hawaugui saratani kamwe. Kompyuta iliyofunzwa kwa sampuli za Asia Mashariki pekee yaweza basi kukosea nchini Kenya, ambako maambukizi haya ni ya kawaida. Tahadhari ya uongo humgharimu mtu nauli, fedha na usingizi. Hakikisho la uongo humgharimu uhai. Ndiyo maana, kipimo cha damu kikitoa tahadhari, daktari bado hupitisha kamera, akakata kipande cha utando na kukipeleka kikaguliwe kwa hadubini.