Je, Wajua? Ukuta wa Kompyuta Hubadilika Bila Wewe Kuugusa

Umebadilisha ruta nyumbani, na ghafla kompyuta haiioni printa? Kwa kawaida Windows huuchukulia mtandao mpya kuwa wa umma, hivyo ukuta wake wa ulinzi huzuia kushirikishana mafaili na printa. Inaudhi kweli! Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, uubadilishe uwe wa binafsi.

Lakini usiuzime ukuta wenyewe, tafadhali. Windows XP ilipotoka mwaka 2001, ukuta wake ulikuja umezimwa. Agosti 2003 kirusi cha Blaster kikavamia kompyuta zilizounganishwa tu na intaneti, bila mtu kufungua faili lolote. Mwaka uliofuata Microsoft ilitoa sasisho la Windows XP liitwalo Service Pack 2, na tangu hapo ukuta huja umewashwa.