Kulitayarisha Tumbo kwa Eksirei

Mionzi ya eksirei, aliyoigundua Wilhelm Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, mwaka 1895, huuonyesha mfupa pasipo taabu, ama tumbo na utumbo, kwa kuwa ni nyama laini iliyozungukwa na nyama laini, haipambanui vyema. Ndiyo sababu mgonjwa hunyweshwa bariamu, kinywaji kizito cheupe mithili ya chokaa iliyokorogwa, kiizuiacho mionzi na kuonyesha umbo la kila kiungo kinamopita. Wala asihofu aliyesikia kuwa bariamu ni sumu, kwani hiyo ya hospitali haiyeyuki, basi hutoka kama ilivyoingia.

Lakini picha haijui kutofautisha uvimbe na tonge la ugali. Ndipo mgonjwa aamriwapo asile wala asinywe tangu usiku wa manane, na hapo ndipo mambo yaharibikapo, kwa kuwa wengi wetu hatuihesabu chai ya maziwa kuwa chakula, sembuse tambuu na sigara, ilhali kutafuna na kuvuta huliamsha tumbo litoe maji yake, nayo huizuia bariamu isishike ukutani. Aliyezoea kufunga Ramadhani ajue kwamba saumu hii haina daku. Nami sioni haki kumlaumu mgonjwa aliyepewa karatasi ya kumkataza bila kumweleza sababu.

Utumbo mpana una masharti makali zaidi: maharage, mchicha na matunda yenye mbegu huachwa mapema, kisha hubakia maji, supu iliyochujwa na chai ya rangi, na jioni hunywewa haluli, ambayo zamani ilikuwa mafuta ya mbarika, asubuhi huenda mtu akapigwa bomba. Ni kazi isiyo na staha, maana atakwenda chooni mpaka yatoke maji matupu ya manjano. Mwenye kisukari aulize mapema habari za dawa zake, kwani kipimo kimfaacho siku ya kula chaweza kumwangusha siku ya kufunga. Na mwanamke adhaniaye ana mimba aseme kabla mashine haijawashwa, hata kama mumewe hajapata habari.

Baadaye na anywe maji kwa wingi, bariamu isije ikamfunga choo, wala asishtuke akiona choo cheupe kwa siku moja mbili.