Majina Mengi, Mlango Mmoja: Wapangaji wa Stockholm na Suala la Wasio na Makazi

Nchini Sweden, neno "hemlös", yaani mtu asiye na makazi, lina maana pana kuliko taswira ya mtu aliyejikunyata chini ya blanketi karibu na stesheni kuu ya treni, kwa kuwa Socialstyrelsen, mamlaka ya taifa ya afya na ustawi wa jamii, huwagawa watu hao katika makundi manne: wanaolala nje au katika malazi ya dharura, walio gerezani, hospitalini au katika vituo vya matibabu bila kuwa na pa kwenda siku ya kutoka, wanaoishi katika nyumba ambazo manispaa imezipanga kwa jina lake na kuwapangisha kwa masharti, na waliojitafutia hifadhi ya muda kwa ndugu, jamaa au marafiki. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata watu wapatao 33,000 nchi nzima, na ile ya mwaka 2023 ikapata wapatao 27,000. Kundi la nne ndilo gumu zaidi kuhesabika, kwani takwimu hukusanywa kupitia idara za ustawi na asasi za misaada, na anayelala sebuleni kwa binamu yake huenda asibishe hodi kamwe katika ofisi hizo.

Wanaomwona ni majirani. Hyresgästföreningen, chama cha wapangaji kilichoanzishwa mwaka 1923 na chenye wanachama zaidi ya 500,000, kina matawi ya mitaa ambako wakazi huzungumzia kodi, ukarabati na zamu za chumba cha kufulia nguo kinachotumiwa na jengo zima. Mambo hayo huonekana madogo, lakini ndipo msongamano unapojitokeza kwanza: zamu za kufua hazitoshi, na juu ya tundu la barua mlangoni, ambako kwa kawaida huwa na jina moja la ukoo, hubandikwa vipande vya karatasi vyenye majina mengine yaliyotanguliwa na herufi "c/o", maana yake kwamba barua ya fulani ipitie kwa fulani.

Chanzo kikubwa ni foleni. Bostadsförmedlingen, wakala wa jiji la Stockholm wa kugawa nyumba za kupanga ulioanzishwa mwaka 1947, humtoza mwombaji kronor 200 kwa mwaka na kumpanga kwa kufuata siku aliyojiandikisha; walio katika foleni hiyo ni zaidi ya 700,000, na wastani wa kungoja umefikia takriban miaka 9. Utaratibu huo una haki yake, kwani tajiri hawezi kumruka maskini, ila humpendelea aliyezaliwa mjini humo na kuandikishwa mapema, na humwacha nyuma aliyewasili akiwa na umri wa miaka 35. Mgeni huyo hubaki kupanga kwa aliyepanga, mara nyingi bila ruhusa ya mwenye nyumba, au kushawishika kununua mkataba kwa magendo, kosa ambalo tangu Oktoba 2019 humtia hatiani mnunuzi pia.

Rinkeby, Tensta na Husby, vitongoji vya eneo la Järva jijini humo vilivyojengwa katika mpango wa serikali wa kujenga nyumba milioni moja kati ya mwaka 1965 na 1974, vina wakazi wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, hasa Wasomali. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko mgeni amekwisha kulishika jembe, anasafisha ofisi usiku au anaendesha basi alfajiri, lakini mshahara haununui miaka ya foleni, na mwenyeji anayeona aibu kumfukuza nduguye huendelea kumtandikia godoro. Ukarimu huo unastahili heshima kubwa, nao una gharama. Machi 2020, chama cha madaktari wa Kisomali nchini Sweden kilieleza kwamba watu 6 kati ya 15 wa kwanza kufariki kwa Korona jijini Stockholm walikuwa Wasomali, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ilikuwa familia kubwa, mababu na wajukuu pamoja, kuishi katika nyumba finyu.

Tangu mwaka 2010 jiji limekuwa likitumia mfumo wa "Bostad först", yaani nyumba kwanza, ulioanzia New York mwaka 1992, ambao humpa mtu mkataba wa nyumba kabla ya kumdai aache ulevi au amalize matibabu. Mfumo huo ni mzuri na ungepaswa kupanuliwa, lakini umelengwa kwa wenye uraibu au maradhi ya akili. Haumgusi anayelala sebuleni, ambaye haugui chochote isipokuwa upungufu wa miaka ya foleni. Kwake yeye dawa ni nyumba nyingi za kodi nafuu, na ndiyo maana mjadala wa kodi katika matawi ya wapangaji ni mjadala wake pia. Uzito wa suala hilo ulidhihirika tarehe 21 Juni 2021, bunge lilipopitisha kura ya kutokuwa na imani na waziri mkuu Stefan Löfven kutokana na mpango wa kuachia soko lipange kodi za majengo mapya.

Tangu Julai 2023, Järva nzima iko chini ya halmashauri moja ya wilaya, ambako mkazi anaweza kuwasilisha pendekezo lake, mradi awe ameandikishwa rasmi katika anwani ya eneo hilo. Anayelala sebuleni mara nyingi hana anwani hiyo, kwa hiyo neno lake hufika mezani pale tu linaposemwa na mwenye jina mlangoni.