KUCHAGUA VIPANDE VYA KOMPYUTA YA KAZI



Wengi wanauliza: tukitaka kuunga kompyuta mpya ya mezani kwa kazi ya ofisi, tununue vipande gani? Tujibu polepole, maana feza ya masomo ni feza ya wazazi.

Tuanze na mfano. Mtu mmoja alivuka mpaka mpaka Bujumbura, akanunua prosesa Intel Core i3-12100F, kwa sababu bei yake ilikuwa chini ya ile ya i3-12100. Akaunga vyote vizuri, akawasha. Feni ikazunguka, lakini kioo kikabaki giza. Akasema, wameniuzia kitu kibovu! Hapana. Herufi F pale mwishoni inaonyesha kwamba prosesa ile haina sehemu ya kutoa picha. Ikabidi anunue na kadi ya picha, na faida yote ikaisha. Kwa AMD Ryzen za AM4 tuangalie herufi G: 5600G inatoa picha, 5600 haitoi. Basi herufi moja inaweza kula feza nyingi.

1. Kazi. Tuulize kwanza mashine itafanya nini. Kama ni kuandika barua, kuhesabu pointi na kuchapa buletini, prosesa ndogo yenye picha ndani yake inatosha. Kadi ya picha haina kazi hapo.

2. Kupatana. Ubao mama lazima upatane na prosesa: prosesa ya AM4 haiingii katika ubao wa AM5. Vilevile kumbukumbu (RAM) ya DDR4 haiingii mahali pa DDR5. Pengo lake liko pengine. Ikikataa, usisukume kwa nguvu.

3. Kumbukumbu na diski. RAM ya GB 8 inaweza kufanya kazi, lakini GB 16 ni bora. Diski iwe SSD: ndani yake hakuna kitu kinachozunguka, tena inafungua mbio. GB 256 zinatosha kwa maandishi. Lakini pointi za mwaka mzima zisikae mahali pamoja tu. Tukumbuke Aprili 2020, Mulongwe ulipojaa na kuingia katika nyumba za watu. Nakala ya pili ikae katika nyumba nyingine, na kompyuta yenyewe isiwekwe chini sakafuni.

4. Umeme. Hapa ndipo wengi wanakosea. Umeme wetu wa Ruzizi unakatika, tena unarudi kwa kishindo. Ile alimantasio, yaani kisanduku kinachopokea umeme ndani ya kompyuta, isiwe ya bei ya kutupa; ikiungua inaweza kuharibu na vipande vingine. Halafu tununue onduleri, ile mashine yenye betri. Onduleri ya VA 650 haitoi wati 650. Mara nyingi inatoa karibu wati 360 hivi. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri, si kukesha nayo. Na mashine ya kuchapa ya leza usiiunge hapo, inavuta sana.

Na wenye umeme wa jua wapige hesabu. Kompyuta wati 50, kioo wati 20, masaa 5: jumla 350. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina 1,200, lakini ukipita nusu unaiua upesi. Basi tuna 600: inatosha. Ongeza kadi ya picha inayokula wati 150, jumla inakuwa 1,100. Haitoshi tena!

Kwa hiyo feza iende kwanza kwa umeme, halafu SSD na kumbukumbu, halafu prosesa. Sanduku lenye taa za rangi liwe la mwisho kabisa.

Kabla ya kulipa, andika jina la kila kipande kwenye karatasi, pamoja na herufi zake zote, umwonyeshe mwenye kujua. Karatasi ikikosea, unafuta tu.