Povu la Sabuni ya Kunyolea na Maji ya Ziwa Letu

Wako wanaume wengi, makarani na wakulima, ambao hununua kipande kigumu cha sabuni ya kunyolea, wakakisugua kwa brashi asubuhi mbili tatu, wakaona povu jepesi linalokauka kabla wembe haujafika kidevuni, kisha wakakitupa na kusema kwamba sabuni ile ni mbovu. Mara nyingi sabuni haina hatia. Kipande kigumu kilichotengenezwa vizuri hudumu miezi mingi, na povu lake ni zito. Lakini chataka maji yanayofaa, na chataka mtu asiye na haraka.

Kwanza yafaa tujue kazi ya povu. Watu hudhani kwamba limewekwa ili wembe upate kuteleza tu. Hilo ni kweli, lakini kazi yake kubwa ni kuyashika maji juu ya nywele. Unywele wa ndevu ukiwa mkavu ni mgumu sana. Ukilowa dakika mbili au tatu hunywa maji, ukavimba kidogo na kukatika kwa urahisi. Povu likikauka, wembe huzivuta ndevu badala ya kuzikata. Kwetu sisi Waafrika jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa nywele zetu hujikunja: unywele uliovutwa na kukatwa chini mno hujipinda na kuichoma ngozi kwa ndani, na hapo ndipo huota vile vipele vya kidevuni na shingoni ambavyo vijana wengi huvificha kwa kola ya shati. Povu zuri haliviondoi vyote, bali huvipunguza, hasa mtu akinyoa kufuata upande ndevu zinakolala, wala asiivute ngozi. Ambaye shingo yake imekwisha kuharibika, na aache wembe kwa muda, azipunguze ndevu kwa mkasi.

Sabuni hufanywa kwa kuchanganya mafuta na magadi moto. Njia hiyo hutoa sabuni ngumu, kama ile ya mche tufuliayo nguo. Mahali pa magadi moto pakitiwa potasi, ambayo wazee waliipata katika majivu, sabuni huwa laini na hutoa povu upesi. Sabuni ya kunyolea ya kweli mara nyingi huwa na vyote viwili, pamoja na asidi ya steariki itokayo katika mafuta ya ng'ombe au ya mawese, na hiyo ndiyo hulifanya povu liwe zito na kudumu. Anayenyoa kwa sabuni ya kuogea hupata povu pia, lakini la mapovu makubwa yanayopasuka mara moja.

Sasa maji, na hapa sisi wa ufuo wa ziwa tumebahatika. Adui wa povu ni chokaa na magnesiamu zilizoyeyuka ndani ya maji. Sabuni ikikutana nazo huungana nazo, ikawa utando wa kijivu unaoelea katika beseni, na povu likakosekana. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na yapata sehemu nne katika tano za maji yaingiayo humo ni mvua inayoanguka juu ya ziwa lenyewe. Kwa hiyo maji yake yana chokaa kidogo. Aliyewahi kuoga kwa maji ya visima vya Mombasa, vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe, anaijua tofauti.

Lakini si maji yote ya Nyanza yaliyo sawa. Visima vingine vya mbali na ufuo vina maji ya chumvichumvi. Msomaji apendaye kujua na afanye hivi: achukue chupa mbili, moja aijaze nusu kwa maji ya mvua na ya pili nusu kwa maji ya kisima chake, atie katika kila moja kiasi sawa cha sabuni iliyokwanguliwa kwa kisu, kisha azitikise. Povu la kisima likiwa haba na maji yakawa kama maziwa, basi chokaa imo. Dawa rahisi ni kukinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati, baada ya kuiacha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa. Tena, ikiwa birika lako hufanya magamba meupe ndani, kuchemsha kutaondoa sehemu ya chokaa. Yaache maji yatulie, uyamimine yale ya juu. Magadi nayo hulainisha maji ya kufulia, lakini yasitiwe katika maji ya uso, maana huchoma.

Maji ya bomba ya mjini Kisumu, yatokayo ziwani na katika mto Kibos, yafaa sana kwa kazi hii. Bali anayechota ufuoni mwenyewe akumbuke kichocho, ambacho vijidudu vyake hupenya katika ngozi nzima, sembuse yenye mikwaruzo. Na ayachemshe maji hayo.

Haya, tufike kwenye brashi. Iloweke katika maji ya moto kiasi kwa dakika mbili tatu, na juu ya sabuni umwage kijiko kimoja cha maji yakae papo hapo wakati unapoosha uso. Kisha mwaga maji ya juu ya sabuni, ikung'ute brashi mpaka isidondoke, uizungushe juu ya kipande kwa muda wa nusu dakika au zaidi. Wengi huacha mapema mno. Utaona kwanza ute mzito kama uji. Hilo bado si povu. Upeleke usoni, uzungushe brashi, ukichovya ncha zake tu katika maji mara kwa mara, tone kwa tone, mpaka povu liwe jeupe, laini, na lenye kung'aa kidogo. Likiwa kavu kama unga, ongeza maji. Likiwa na mapovu makubwa na kutiririka shingoni, rudi kwenye sabuni. Asiye na brashi alowanishe ndevu, asugue kipande chenyewe juu yake, kisha alikuze povu kwa vidole vilivyolowa.

Brashi na wembe viwe vya mtu mmoja. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 askari wa Uingereza walipata kimeta, ugonjwa ule ule wafugaji wanaoujua, kutokana na brashi za nywele za farasi ambazo hazikusafishwa, na wengine wakafa. Siku hizi hofu ni UKIMWI na homa ya ini, ambazo huweza kupita katika damu iliyobaki kwenye wembe. Kwa hiyo kinyozi anayetaka kukunyoa kwa wembe ambao hakuufungua mbele yako, mkatalie bila aibu.

Ukimaliza, suuza brashi, uitundike nywele zikiangalia chini, na kipande cha sabuni kikae mahali panapochuruzika, kwani kikilala ndani ya maji huyeyuka bure. Kikishakauka kifunike katika kopo lenye matundu madogo, maana panya nao huyapenda mafuta ya ng'ombe.